Kuuza na kuuzisha: somo la vitumbula

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, anayetoa pesa ndiye anayeuza, na anayezipokea ndiye anayeuzisha. Kila aliyekulia Katuba, Kenya au Ruashi anajua hivyo kabla hajaingia shule ya msingi. Kisha anafika kitivoni, anafungua kamusi ya Kiswahili sanifu, anakuta kwamba kuuza ni kazi ya mwenye mali na kwamba mwenye pesa ananunua. Mwalimu anasahihisha kwa kalamu nyekundu, oditwari nzima inacheka, kozi inaendelea. Mimi naomba tusiendelee upesi hivyo.

Tazameni majirani zetu. Kibemba kina ukushita kwa anayetoa pesa na ukushitisha kwa anayetoa mali. Kinyarwanda kina kugura na kugurisha. Mzizi ni mmoja, na anayeuzisha anapatikana kwa kuongeza kiambishi cha kusababisha. Kifaransa kina acheter na vendre, vitenzi viwili visivyojuana hata kwa sura, na Kiswahili sanifu nacho kina nunua na uza, ambavyo haviko nyumba moja. Kiswahili chetu kimeshika mzizi wa pwani na kukitia katika mpango wa lugha za bara. Sidai kwamba mama mwenye sufuria ya mafuta anafikiri juu ya mofimu -ish- kila asubuhi. Lakini sarufi yake inasema jambo ambalo vijitabu vya biashara havisemi: kitendo chenyewe ni cha mteja. Yeye ndiye anayeuza. Kazi ya mwenye chakula ni kumfanya auze, na kwa kazi hiyo chombo chake cha kwanza ni mdomo.

Ninaandika haya kwa sababu wengi wetu tunauzisha. Asiyejua hesabu za nyumba zetu anadhani mwanafunzi mwenye ndoo ya mayai ya kuchemsha ameacha masomo. Katika promosheni yangu nahesabu saba wanaolipa minervali, au sehemu yake, kwa chakula: mmoja ana pusupusu ya mkate na omleti kwenye njia ya Kasapa, wawili ni madada wanaokaanga vitumbula kabla ya kozi ya saa mbili, mwingine anajaza munkoyo katika chupa za plastiki na kuwategemea wanaotoka oditwari na koo kavu. Mimi mwenyewe siku za Jumamosi namsaidia mama mdogo, mwenye mbabula mbili za michopo huko Kenya, kwa hiyo moshi ninaoutaja umeniingia machoni.

Miaka hii mafunzo ya ujasiriamali yamejaa kila mahali, na vijitabu vyake vinapita mkono kwa mkono. Vyote ni Kifaransa. Chagua jina, chora nembo, jua wateja wako ni kundi gani, weka picha kwenye Facebook, simama penye watu wengi. Si ushauri mbaya. Kwa mwenye duka la simu huenda ukafaa sana. Kuhusu mahali pa kusimama, kwa mfano, vijitabu vinasema kweli, ingawa mama yeyote anajua hilo bila kitabu: kaa pale watu wanaposubiri gari, weka mafuta upande ule upepo unakotokea, acha kitunguu kitangulie kuita. Lakini soma kurasa zote mpaka mwisho, hutakuta panaposema mtu akishasimama mbele yako utamwambia nini, utamwita nani, na kwa lugha gani. Na hapo ndipo wenzetu wanapoanguka.

Mfano mmoja. Mwenzetu wa mwaka wa pili, mtu wa bidii na mwandiko mzuri, alipaka rangi ya bluu kwenye ubao wa pusupusu yake: TUNAUZA MAYAI. Kiswahili safi, hakuna mwalimu ambaye angemwondolea hata nusu alama. Kesho yake akasimama mama mmoja, trei mbili kichwani, akamwuliza anazichukua kwa bei gani. Kabla ya wiki kuisha walikuwa wamefika watatu, na wa mwisho alikasirika kabisa: kama hauzi mayai, umeandika ya nini? Mwenzetu akafuta ubao, akaandika ŒUFS.

Sisi sote tulicheka, na ni haki kucheka. Lakini mimi neno ŒUFS bado linaniuma. Kiswahili cha shule hakikueleweka mtaani, na Kiswahili cha mtaa hakikumjia akilini kama kitu kinachoweza kuandikwa. Kifaransa kikapita katikati na kuchukua ubao. Maneno mawili tu, «Mayai iko», yangetosha, na yamekwisha kutosha kwenye milango mingi ya mji huu. Najua hiyo «iko» ingekutana na kalamu nyekundu. Kalamu hiyo hailipi minervali ya mtu.

Sasa niwapeleke kwa mama mmoja anayekaanga vitumbula si mbali na geti letu. Nimemtazama muhula mzima, kwa ruhusa yake, nikiwa na daftari na mara nyingi nikiwa na njaa. Jambo la kwanza nililoandika: mama huyu hasemi bei. Wanafunzi wanaouzisha karibu naye wanapiga kelele za bei tangu alfajiri, na sauti zinawakauka saa tatu. Yeye anasalimu. «Yaya, umeamuka?» Mtu aliyeulizwa kama ameamka hawezi kupita bila kujibu, na akishajibu amekwisha kusimama.

Wanaosoma pragmatiki wanamkumbuka T. F. Mitchell, aliyechapisha mwaka 1957 uchunguzi juu ya lugha ya kununua na kuuza huko Cyrenaica, mashariki ya Libya. Alionyesha kwamba mazungumzo ya sokoni yana hatua zake: salamu, kuulizia mali, kuikagua, kupatana bei, kumaliza. Pelekeni hatua hizo kwenye sufuria ya vitumbula, mtaona ya nne imepotea. Hakuna anayepatana bei ya kitumbula. Bei yake inakaa kwenye noti: mteja anasema «unipe bya senksa», yaani vya franka 500, na mazungumzo ya bei yamekwisha kabla ya kuanza. Unga ukipanda, mama habadilishi noti, maana akisema franka 650 chenji itawagombanisha. Kama noti ile ilitoa vitumbula vitano, sasa itatoa vinne, au vitabaki vitano na kijiko kitapungua. (Na tuone pia kwamba hesabu ni Kifaransa, senksa na mili, hata kwa wasiokijua Kifaransa, mali inatajwa kwa Kiswahili, pesa inatajwa kwa Kifaransa. Kuna kazi nzima ya mwisho wa masomo ndani ya sentensi hiyo, aichukue anayeitaka.)

Lakini kupatana hakufi, kunahama. Kumehamia kwenye matabishi. Neno hili tunalijua kama bakshishi au nyongeza. Limetoka kwa Kireno mata-bicho, ambalo Angola mpaka leo ni chakula cha asubuhi. Mteja anaomba: «Mama, uniongeze kamoja.» Mwuzishaji mgeni anakunja uso, anahesabu faida yake, halafu anatoa kwa mkono mzito. Amepoteza kitumbula na shukrani pamoja. Mama yule anatangulia. Mteja akiwa bado anatafuta pesa mfukoni, yeye anasema: «Kamata kale ka kuonja.» Kitumbula kile ni kipande kilichokatika, au cha mwisho wa sufuria ambacho hakikuvimba vizuri, yaani kitu ambacho asingekiuzisha hata hivyo. Tazameni kazi ya ka-. Kiambishi hiki cha udogo, ambacho Kiswahili chetu kinakitumia pale sanifu inapotumia ki-, kinaifanya zawadi iwe nyepesi mpaka mpokeaji hajioni na deni. Kingine hichohicho anakitumia kwa bei akiulizwa na mgeni: «Ni kabei kadogo, yaya.» Pesa hazijapungua hata franka moja. Ila zimesikika chache.

Kama kuna shauri moja ambalo ningempa mwenzangu mwenye pusupusu, ni hilo la matabishi ya kutangulia. La pili ni namna ya kumwita mtu. Vijana wetu wamejifunza kumwita kila mtu «shefu». Kwa askari wa barabarani neno hilo linafaa sana. Kwa mama mwenye kikapu ni kama kumtukana, na kwa profesa ni kama kumkumbusha kwamba si shefu. «Mama» linafaa kwa aliye mama, na kwa mtoto wa kike pia, kwa mapenzi. Lakini kijana wa miaka ishirini na mbili akimwita «mama» msichana wa mwaka wa kwanza, msichana anasikia amezeeshwa, na anavuka barabara. «Yaya» ndilo salama kuliko yote. Linamheshimu aliyekuzidi, linampandisha uliyemzidi, halisemi mwanamume wala mwanamke. William Labov, mwaka 1962, alizunguka maduka makubwa matatu ya New York akiwasikiliza wauzaji wakitamka maneno mawili tu, «fourth floor», akaona matamshi yao yakifuata hadhi ya duka na wateja wake. Wauzaji wale waliazima sauti ya wateja. Wetu wanaenda mbali zaidi, wanawaazima wateja undugu.

Kuhusu lugha ipi ya kumsalimia mtu, hapa naomba msomaji atulie. Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, na geti letu linazisikia karibu zote kabla ya jua kuwaka, pamoja na Kibemba, Kisanga, Kiluba na nyingine. Shauri la haraka lingekuwa: jifunze salamu za kila lugha, mteja atafurahi. Ni kweli, anafurahi, anapokuwa yeye ndiye aliyeanza. Mama wa vitumbula akiambiwa «moyo» anajibu «moyo», akiambiwa «mwapoleni» anajibu kwa Kibemba, na tabasamu linalofuata linastahili vitumbula viwili. Lakini sijamwona hata siku moja akitangulia kumsalimia mgeni kwa Tshiluba kwa kusoma uso wake au jina lililo kwenye kadi yake. Nilimwuliza kwa nini. Alisema tu: «Hapana, ule njo anaanza.» Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, waliozaliwa hapa pamoja na waliohamia. Katika mji uliopitia hayo, kumwambia mtu kwamba umemtambua anatoka wapi kunaweza kuwa ukarimu, kunaweza kuwa kidole. Mama anaacha mwenyewe ajitaje. Hakuna kijitabu cha masoko kinachojua jambo hili, na sijui kozi yetu ya isimujamii inalifundisha wapi.

Wapo watakaonijibu kwamba tatizo la mwanafunzi anayeuzisha ni mtaji. Gunia la makala linapanda, mafuta yanapanda, unga ukishuka leo kesho umepanda, na hakuna «yaya» inayozima moto huo. Nakubali. Mama mdogo ana ulimi mtamu kuliko wote waliokaa kwenye safu yake, na bado kuna Jumamosi anarudi na nyama ya kula nyumbani. Maneno hayaongezi mbuzi. Ila nimeona pia, tena mara nyingi, mabakuli mawili ya vitumbula vilevile, unga uleule, mafuta yaleyale, hatua tano kutoka moja hadi jingine, na moja likaisha saa mbili huku jingine likipoa mpaka saa sita. Tofauti hiyo haikutoka kwenye mtaji.

Wengine watasema jambo zito zaidi: kwamba huo wote ni ujanja. Kumwita mgeni ndugu ili atoe pesa, kumpa kipande kibovu kwa jina la zawadi. Hoja hii siidharau, na kitenzi chenyewe kinaiunga mkono, maana -ish- inaweza kuwa shuruti. Nimeona muuzishaji wa mayai akimenya yai na kulitia mkononi mwa mtoto wa shule kabla mtoto hajasema ndiyo, chumvi na pilipili juu, kisha akadai pesa. Huko ni kulazimisha, na mtoto yule hatapita njia ile tena. Lakini -ish- hiyohiyo iko ndani ya kusomesha. Anayemsomesha mtoto hamlazimishi kusoma. Anamlipia, anamwandaa, anaondoa mawe njiani ili mtoto mwenyewe asome. Kuuzisha kwa mama wa geti kuko upande huo. Mteja alikuwa na njaa tayari, alikuwa na senksa tayari. Alichokosa ni sababu ya kusimama hapa badala ya hatua tano mbele. Na vitenzi hivyo viwili vinashikana katika nyumba nyingi za mji huu: anauzisha asomeshe. Wapo miongoni mwetu, na miongoni mwa walimu wetu, waliosomeshwa na sufuria ya namna hiyo.

Kwa hiyo najiuliza kwa nini kitivo chenye idara ya lugha za Kiafrika kinawaachia wengine kazi ya kuwashauri wanaouzisha. Mji huu si mgeni kwa isimu. CELTA ilikaa hapa kuanzia 1971. Edgar Polomé aliandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi miaka ya 1960, Johannes Fabian akachapisha mwaka 1986 kitabu juu ya historia yake chini ya ukoloni, na wote wawili waliona ni lugha inayostahili kurasa. Mwenzangu mmoja alipopendekeza kuandika kazi yake ya mwisho juu ya maneno ya wauzishaji wa michopo, aliambiwa na mtu ambaye sitamtaja kwamba sokoni hakuna sarufi, kuna kelele. Sasa anaandika juu ya vielezi katika riwaya ya Tanzania. Atafaulu, ni hodari. Sokoni hajarudi.

Pendekezo langu ni dogo. Kozi ya pragmatiki ya muhula ujao itoe asubuhi sita tu, watu wawili wawili, mmoja kwa mama wa vitumbula, wengine kwa munkoyo, chikanda, mayai, samaki, michopo ya jioni. Wanase mazungumzo kwa ruhusa, wayaandike kama yalivyosemwa, pamoja na ba- na bi- zake na «iko» zake, bila kuyavalisha koti la sanifu. Kutokana na hayo watoe kijitabu cha kurasa ishirini katika Kiswahili cha hapa, cha kumpa mwanafunzi anayeanza na pusupusu: namna ya kusalimu, namna ya kuita, lini kutoa matabishi, lini kunyamaza, na namna ya kukataa deni bila kumpoteza mdeni, jambo ambalo sikuligusa leo kwa kuwa linahitaji makala yake peke yake. Mama wa geti aitwe kuja kuzungumza oditwarini, na alipwe kama anavyolipwa mgeni yeyote anayekuja kutufundisha, maana asubuhi anayotupa ni sufuria isiyokaangwa.

Gharama ni ndogo. Kinasa sauti kimo ndani ya simu zetu zote. Itabaki kutafuta franka za kuuza, nasema kuuza, vitumbula vya asubuhi hizo sita, kwa sababu huwezi kukaa saa mbili mbele ya sufuria ya mtu na daftari mkononi bila kula, na mama ameshanionya kwamba mwezi huu nimekwisha kumaliza ka kuonja kangu.